Nani Analipia Picha? Kamera, Bahari na Mashindano Yake Tangu 1856

Msomaji, hebu nikukalishe kwenye kiti cha mwamuzi kwa dakika moja. Mbele yako kuna picha mbili za farasi-bahari, yule samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi na mkia wa kujikunja. Picha ya kwanza ni nzuri. Ya pili ni nzuri zaidi: mnyama ameigeukia kamera, nyuma yake maji ya buluu yametulia, mwanga umemkaa sawasawa. Zawadi utampa nani?

Wa pili, nadhani. Sasa nikunong'oneze kitu ambacho picha yenyewe haisemi. Huyo wa pili alimsukuma mnyama kwa kijiti mpaka akageuka, na alipokuwa akihangaika kujiweka sawa, pezi alilovaa mguuni lilivunja tawi la tumbawe. Bado utampa?

Mfano huo nimeutunga mimi, lakini swali lenyewe ni la kweli, na lilichukua zaidi ya miaka mia moja kuulizwa kwa sauti. Leo nataka tulifuate tangu mwanzo wake. Hoja yangu ni hii: kila picha ya chini ya maji ina gharama. Zamani aliyeilipa alikuwa mpiga picha mwenyewe. Kadiri vifaa vilivyorahisishwa, gharama ikahamia kwa samaki na matumbawe, na mashindano yakaisukuma ihame haraka zaidi. Ukielewa hivyo, utaona kwa nini haki kwa washindani na heshima kwa bahari vinakwenda pamoja.

Enzi za kulipa mwenyewe

Twende Weymouth, pwani ya kusini ya Uingereza, mwaka 1856. William Thompson, mwanasheria aliyependa kuchunguza viumbe, alifunga kamera ndani ya sanduku, akaishusha kutoka kwenye mashua hadi kina cha takriban mita 5.5, akaiacha lenzi wazi kwa dakika 10. Maji yakaingia ndani ya sanduku. Alichopata ni picha hafifu ya sakafu ya bahari, na ndiyo inayohesabiwa kuwa picha ya kwanza kupigwa chini ya maji. Hasara ilikuwa yake. Samaki wa Weymouth hawakudaiwa chochote.

Miaka 37 baadaye, 1893, mwanabiolojia Mfaransa Louis Boutan alishuka yeye mwenyewe baharini huko Banyuls-sur-Mer, akiwa amevaa vazi zito la kuzamia lenye kofia ya chuma. Kamera yake, iliyobuniwa kwa msaada wa ndugu yake Auguste, ilihitaji muda mrefu kushika picha kwa mwanga wa jua peke yake, wakati mwingine hadi nusu saa. Fikiria kusimama chini ya maji baridi nusu saa kwa ajili ya picha moja! Ndiyo maana yeye na wenzake walihangaika sana kutafuta mwanga wa kubeba. Mojawapo ya vifaa vyao ulikuwa pipa lililojazwa oksijeni, juu yake taa ya spiriti ndani ya kengele ya kioo, na unga wa magnesiamu ukipulizwa kwenye mwali.

Halafu 1926, katika visiwa vya Dry Tortugas, Florida, mwanasayansi William Longley na mpiga picha Charles Martin wa National Geographic walitaka picha za rangi. Filamu za rangi za wakati huo zilikuwa nzito mno kupokea mwanga. Basi wakaweka unga wa magnesiamu karibu nusu kilo kwenye chelezo juu ya maji na kuulipua kila walipopiga. Mlipuko mmoja wa bahati mbaya ulimuunguza Longley. Picha zao zilitoka katika toleo la Januari 1927, za kwanza za rangi kutoka chini ya bahari.

Unaona mtindo? Mmoja kamera yake imefurika maji, mwingine kaganda kwa baridi, mwingine kaungua. Ugumu wa kazi ulikuwa kizuizi tosha. Hakuna aliyehitaji kanuni za maadili, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuharibu kitu kikubwa.

Kwa nini bahari inakulazimisha usogee

Kabla hatujaendelea, tuongee fizikia kidogo, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini wapiga picha wanagusa matumbawe.

Maji hunyonya mwanga, tena kwa ubaguzi. Nyekundu ndiyo hutangulia kupotea, ndani ya mita chache tu za kwanza. Ndiyo maana ukishuka chini kila kitu kinakuwa cha kijani na buluu, hata damu haionekani nyekundu. Ili kurudisha rangi lazima ubebe taa yako, yaani fleshi. Lakini mwanga wa fleshi nao hunyonywa na maji, kwenda na kurudi. Juu ya hayo, maji ya bahari yamejaa chembechembe za mchanga na viumbe wadogo. Ukiwasha fleshi ukiwa mbali, mwanga unazigonga chembe hizo na kurudi kwenye lenzi, picha inajaa madoa meupe kana kwamba kuna theluji.

Dawa yake ni moja: sogea karibu, kisha sogea tena. Kadiri maji kati yako na mnyama yanavyopungua, ndivyo picha inavyokuwa safi.

Sasa weka pamoja. Mtu kabeba kamera yenye mikono miwili ya taa, jicho liko kwenye kioo, mikono yote ina kazi, akili iko kwa samaki mmoja, na fizikia inamwambia asogee. Nyuma yake kuna miguu yenye mapezi marefu asiyoyaona. Hahitaji kuwa mtu mbaya ili avunje tumbawe. Anahitaji tu kusahau miguu yake.

Gharama inahama

Mwaka 1943 Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa cha kupumulia kilichomwezesha mzamiaji kuogelea huru, bila bomba la hewa kutoka juu. Miaka 20 baadaye, 1963, kamera ya Nikonos ikaingia sokoni: ndogo, haipitishi maji, haihitaji sanduku. Ghafla, kazi ya Boutan ya nusu saa ikawa kazi ya sekunde moja kwa mtu aliye likizoni.

Lakini tabia zilitoka wapi? Zilitoka kwenye uwindaji. Mwaustria Hans Hass, mmoja wa waasisi wa fani hii, alianza kwa kuchoma samaki kwa chusa. Kitabu chake cha 1939 kilitaja vifaa vyote viwili kwenye jina lake, chusa na kamera. Michezo ya kwanza ya ushindani chini ya maji nayo ilikuwa ya mkuki: anayetoka na samaki wengi na wazito ndiye bingwa. Kamera ilipokuja, wengi waliipokea kama mkuki usioua, na kwa haki kabisa ilikuwa hatua kubwa mbele. Ila mawazo ya "nimempata" yalibaki.

Mfano mkubwa kuliko yote ni filamu ya Cousteau na Louis Malle, Le Monde du silence, ya 1956. Ndani yake utaona mambo ambayo leo yangezua kelele. Wafanyakazi wa meli wanalipua mwamba kwa baruti ili kuhesabu samaki waliopo. Mtoto wa nyangumi anaumizwa na meli, papa wanakusanyika kumla, na mabaharia wanawavuta papa hao sitahani na kuwaua kwa hasira. Mtu anamng'ang'ania kasa mgongoni ili avutwe.

Msomaji wa Dar es Salaam, Kilwa au Mtwara hahitaji kuelezwa baruti inafanya nini baharini. Tanzania ilipiga marufuku uvuvi huo mwaka 1970, na bado watu wa pwani waliusikia mlio wake kwa miongo iliyofuata. Samaki wadogo kwa wakubwa hufa pamoja, na nyumba yao husambaratika.

Na ile filamu je? Ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956, kisha Oscar. Majaji walitazama kilichokuwa kwenye pazia wakakipenda. Namna kilivyopatikana haikuwa sehemu ya hukumu, ingawa safari hii haikufichwa hata kidogo: ilikuwa pale pale mbele ya macho yao. Kwa haki, Cousteau mwenyewe alibadilika, akawa mmoja wa sauti kubwa za kutetea bahari. Mimi simhukumu kwa macho ya leo. Ninachokionyesha ni kwamba jopo la waamuzi huona kile lilichofundishwa kukitafuta.

Kombe linaingia

Uingereza ilimtangaza Mpiga Picha wa Chini ya Maji wa Mwaka kwa mara ya kwanza 1965. Miaka miwili baadaye, 1967, Colin Doeg na Peter Scoones walianzisha chama cha wapiga picha wa chini ya maji cha nchi hiyo. Mashindano yalienea, ya aina kuu mbili.

Aina ya kwanza ni ya kutuma picha: chagua bora zako ulizopiga popote, zipeleke. Aina ya pili ni ya siku moja: wote mnaingia maji yale yale, siku ile ile, na jioni picha zinahukumiwa. Enzi za filamu, hata idadi ya picha ulizopiga iliwekewa mpaka na urefu wa mkanda, na mikanda ilisafishwa pale pale.

Kwa upande wa haki, aina ya pili inavutia. Katika ile ya kutuma, mwenye fedha za kwenda Indonesia mara nne kwa mwaka anashindana na mwanafunzi mwenye kamera ndogo na ufuo mmoja. Ndiyo sababu mashindano mengi ya kutuma yalikuja kutenga makundi: kamera ndogo peke yake, wanaoanza peke yao, maji ya nyumbani peke yake. Tuzo ile ya Uingereza ilipofufuliwa na kutoa washindi wake 2015, ilikuwa na makundi ya namna hiyo.

Lakini ngoja. Mashindano ya siku moja, yenye haki zaidi kwa watu, yanaweza kuwa mabaya zaidi kwa mwamba. Watu wengi, mahali pamoja, saa inahesabu, kila mmoja anamtafuta pweza yule yule. Haki kwa mshindani na usalama wa bahari hapa vinavutana, na mwandaaji asiyeliona hilo atajikuta ameandaa vurugu yenye vikombe.

Faili halisemi yote

Kamera za dijitali zilileta wasiwasi mpya: udanganyifu wa kompyuta. Jibu likawa faili ghafi, yaani data ya picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla programu haijaihariri. Ukiingia fainali, unaombwa uilete. Ni kanuni nzuri, na zama hizi za picha zinazotungwa na akili mnemba ni ya lazima. Inasaidia pia kwenye ule mjadala wa madoa meupe: mwamuzi anaweza kuona kama mshindani amefuta chembe chache tu au amefuta samaki mzima.

Ila sikiliza visa viwili kutoka nchi kavu, kwenye shindano maarufu la picha za wanyamapori linaloendeshwa na makumbusho ya historia asilia ya London. Mshindi mkuu wa 2009 alionyesha mbwamwitu akiruka lango usiku. Mapema 2010 alinyang'anywa tuzo, kwa kuwa waamuzi waliridhika kwamba kuna uwezekano mkubwa mnyama huyo alikuwa wa kufugwa na kufunzwa. Picha moja iliyoshinda 2017 ilionyesha mla-mchwa akikaribia kichuguu kinachong'aa usiku huko Brazil. Mwaka 2018 iliondolewa baada ya wataalamu kumlinganisha na mla-mchwa aliyekaushwa, aliyekuwa akionyeshwa kwenye kituo cha wageni cha hifadhi, na kukuta wanafanana kupita kiasi. Wapiga picha wote wawili walikana.

Kumbuka hili: katika visa vyote viwili tatizo halikuwa ndani ya kompyuta. Faili ghafi lingeonyesha mbwamwitu halisi na mla-mchwa halisi. Udanganyifu ulitokea mbele ya lenzi, na aliyeugundua ni mtu anayewajua wanyama.

Chini ya maji hali ni ngumu zaidi, maana mashahidi ni wachache. Samaki aliyesukumwa, pweza aliyetolewa shimoni, kiumbe aliyehamishwa kutoka mchangani akawekwa kwenye tumbawe la rangi nzuri: vyote vitatoka kwenye faili vikiwa safi kabisa.

Sayansi inasema nini?

Hapa ndipo tunapopata bahati ambayo Boutan hakuwa nayo. Watafiti wameingia majini kuhesabu.

Mwaka 2004 Nola Barker na Callum Roberts walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazamiaji 353 katika kisiwa cha St Lucia, Karibi. Karibu robo tatu yao waligusa mwamba angalau mara moja, na migusano mingi ilitokana na mapezi. Wenye kamera waligusa mara 0.4 kwa dakika, wasio nayo mara 0.1. Waliozamia usiku na walioingia kutokea ufukweni waligusa zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano. Washindani 30, kila mmoja dakika 60 majini, kwa kiwango cha 0.4: hiyo ni migusano 720 kwa mzamo mmoja. Si kila mguso unavunja kitu. Lakini kuna aina za tumbawe gumu zinazokua takriban sentimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo kipande ulichokivunja Jumamosi kinaweza kuwa na umri wako.

Utasema, hao ni watalii, sisi ni wataalamu. Haya. Utafiti wa Anthony Rouphael na Graeme Inglis wa Australia, 2001, uliwatazama wapiga picha waliobobea: wastani wa kuvunja mara 1.6 kwa dakika 10, dhidi ya 0.3 kwa wasio na kamera.

Jambo lililonishangaza zaidi liko kwenye tiba. St Lucia, sentensi moja ya "tafadhali msiguse mwamba" katika maelezo ya kabla ya kuzamia haikubadilisha kitu. Kilichofanya kazi ni kiongozi kuwa majini na kuingilia kati anapomwona mtu anagusa. Huko Ras Mohammed, Misri, utafiti wa 1997 wa David Medio na wenzake ulikuta kwamba somo la dakika 45 lenye picha, likifuatiwa na maonyesho ndani ya maji, lilishusha migusano kutoka 1.4 hadi 0.4 kwa kila mzamiaji katika dakika 7. Yaani elimu inasaidia, ila iwe elimu kweli.

Na fleshi je? Watu wengi huamini mwanga ndio unaowaumiza wanyama. Mwaka 2019 Maarten De Brauwer na wenzake walichapisha majaribio juu ya samaki wa sakafu ya bahari, farasi-bahari wakiwemo. Athari ya fleshi haikuzidi ile ya mzamiaji kuwapo tu. Kilichowasumbua zaidi ni kuguswa na kusogezwa. Kumbe mkosaji mkubwa ni kidole!

Hiyo haina maana kwamba fleshi ni ruhusa kila mahali. Uingereza, farasi-bahari wamelindwa kisheria dhidi ya kusumbuliwa tangu 2008, na mpiga picha anayekwenda huko lazima afuate masharti ya huko.

Basi shindano liandaliwe vipi?

Siandiki katiba, lakini historia hii inatupa mambo kadhaa mkononi.

Kwanza, kanuni ya "usiguse" isiishie kwenye karatasi. Kama ni shindano la siku moja, gawanya watu kwenye maeneo tofauti, punguza idadi, ingia kwa mashua, acha usiku, na weka wasimamizi majini wenye mamlaka ya kumtoa mtu. Somo la kabla ya kuzamia lipewe muda wake.

Pili, kila picha ya fainali iambatane na maelezo ya namna ilivyopigwa: wapi, karibu kiasi gani, mnyama alikuwa anafanya nini. Maelezo yanaweza kuwa ya uongo, ndiyo, lakini uongo ulioandikwa na kutiwa sahihi unaweza kukaguliwa hata mwaka mmoja baadaye.

Tatu, jopo liwe na angalau mtu mmoja anayewajua viumbe. Yeye ndiye atakayesema: "Huyu hakai kwenye tumbawe la aina hii," au "Pweza wa rangi hii ana hofu."

Nne, makundi yafuate vifaa na uwezo, ili mwanafunzi asilazimike kushindana na mkoba wa mtu. Mshindani anayeona ana nafasi ya haki ana sababu moja pungufu ya kutafuta njia ya mkato.

Tano, na hili ndilo muhimu kuliko yote: adhabu ijulikane mapema na itolewe hadharani. Tuzo zile mbili zilizonyang'anywa ziliwaaibisha waandaaji, lakini ziliwafundisha wapiga picha wa dunia nzima jambo ambalo kanuni peke yake lisingewafundisha.

Malindi na Watamu zina hifadhi za bahari tangu 1968, na Kisiwa cha Mafia tangu 1995. Siku moja huenda ukaombwa uandae shindano huko, au ukae mezani kama mwamuzi. Utarudi kwenye zile picha mbili za farasi-bahari. Ukimpa wa pili bila kuuliza, usidhani umemzawadia mtu mmoja tu. Umewaambia washindani wote wa mwaka kesho kwamba kijiti kinalipa, na yule aliyekaa pembeni akasubiri mnyama ageuke mwenyewe umemwambia kwamba alipoteza muda wake.

Thompson alilipia picha yake kwa sanduku lililofurika maji. Kabla hujatoa kikombe, muulize mshindi wako: wewe umelipa nini?